Rais wa Marekani anaweza kumfukuza gavana?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nafuatilia siasa za Marekani na kuna jambo linanichanganya. Gavana anasimama mbele ya kamera, anamsema Rais vibaya, anamfungulia na kesi, kesho yake bado yuko ofisini. Kwetu mkuu wa mkoa hathubutu. Uteuzi wake ungetenguliwa jioni hiyohiyo. Je, Rais hana mamlaka ya kumwondoa gavana? Na kama hana, sheria ya jimbo ikigongana na sheria ya serikali kuu, nani mkubwa?

JIBU: Hana. Pitia Katiba ya Marekani yote, ibara zake saba na marekebisho yake 27, hutakuta sentensi hata moja inayompa Rais uwezo wa kumfukuza gavana, kumsimamisha kazi au hata kumpa onyo la maandishi. Kinachokupoteza ni huko kumlinganisha na mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, anamwakilisha Rais, na aliyemteua ndiye anayemtengua. Gavana wa Marekani hakuteuliwa na mtu. Amechaguliwa na wananchi wa jimbo lake chini ya katiba ya jimbo lake, kwa kuwa kila moja ya majimbo 50 lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na kodi zake.

Wanaoweza kumng'oa ni watu wa jimbo lenyewe, kwa utaratibu wa katiba yao. Mwaka 2003 wapiga kura wa California walikusanya saini, kura ikaitishwa, Gavana Gray Davis akaondoka kabla ya muda wake na nafasi ikaenda kwa Arnold Schwarzenegger. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Illinois. Desemba 2008 maofisa wa serikali kuu walimkamata Gavana Rod Blagojevich, akituhumiwa, pamoja na mengine, kutaka kukiuza kiti cha Seneti ya taifa, moja ya mabaraza mawili ya bunge la Marekani, kilichoachwa wazi na Barack Obama aliyekuwa ameshinda urais. Serikali kuu ilikuwa na haki ya kumkamata kwa sababu tuhuma zilihusu sheria za taifa. Ila kumkamata hakukumvua ugavana. Alitoka kwa dhamana, akarudi ofisini, na kabla mwezi haujaisha akamteua mtu wa kukalia kiti kilekile alichotuhumiwa kukiuza! Aliondoka Januari 2009, pale Seneti ya jimbo la Illinois ilipopiga kura 59 kwa 0 kumtoa madarakani.

Kwa nini mambo yako hivyo? Kwa sababu majimbo yalitangulia, serikali kuu ikafuata. Makoloni 13 yalipojitenga na Uingereza mwaka 1776, kila moja lilijiona taifa. Mkataba wao wa kwanza, ulioanza kutumika 1781, uliunda serikali kuu dhaifu kweli: haikuweza kutoza kodi, ilibaki kuyaomba majimbo michango, na kifungu chochote cha mkataba hakikubadilika bila majimbo yote kukubali. Madeni ya vita hayakulipika. Ndipo wajumbe wakakutana Philadelphia mwaka 1787 na kuandika Katiba iliyopo sasa. Hata kuanza kutumika kwake kulitegemea majimbo: ibara ya saba ilidai yaridhie angalau tisa, na la tisa, New Hampshire, likaridhia Juni 1788. Rhode Island, ambayo haikutuma mjumbe hata mmoja Philadelphia, iliridhia 1790, serikali mpya ikiwa tayari kazini.

Kwa hiyo Katiba ile iliandikwa kama orodha ya mambo ambayo majimbo yamekubali kuyakabidhi kwa serikali moja. Orodha yenyewe iko ibara ya kwanza, kifungu cha nane: kutoza kodi na kukopa kwa niaba ya taifa, kusimamia biashara ya nje na ya kati ya jimbo na jimbo, kutengeneza sarafu, posta, hataza (haki za wavumbuzi), uraia wa wageni, kutangaza vita, kuunda jeshi. Kifungu cha kumi kinafuata na makatazo kwa majimbo: yasifanye mikataba na nchi nyingine, yasitengeneze sarafu, yasitoze ushuru wa forodha bila ridhaa ya Kongresi, yaani bunge la taifa. Kisha Marekebisho ya Kumi, yaliyoridhiwa 1791, yanasema kwamba mamlaka ambayo Katiba haikuipa serikali kuu, wala haikuyakataza majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Hicho kilichobaki si kidogo. Leseni ya udereva, ndoa na talaka, mirathi, shule, hati za ardhi, leseni ya daktari na ya wakili, karibu yote ni mambo ya jimbo. Hata mauaji: mtu akimuua jirani yake Texas, anashtakiwa na serikali ya Texas, kwa sheria ya Texas, mbele ya jaji wa Texas. Akitiwa hatiani, Rais hawezi kumsamehe. Msamaha wa Rais, kwa ibara ya pili, unahusu makosa dhidi ya Marekani tu, yaani makosa ya sheria za taifa. Wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, maana wamezoea kuona Rais akitoa msamaha kwa kalamu moja.

Na huko Washington nako Rais hayuko peke yake. Kongresi ina Baraza la Wawakilishi lenye viti 435 vinavyogawanywa kwa idadi ya watu, na Seneti yenye viti 100, viwili kwa kila jimbo, hivyo Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 ina maseneta sawa na California inayokaribia watu milioni 40. Kongresi inatunga sheria. Rais anaweza kuzikataa kwa kura ya turufu, nayo Kongresi inaweza kuipindua turufu hiyo kwa theluthi mbili za kila baraza. Mahakama ya Juu ina majaji tisa wasio na ukomo wa muda. Rais mwenyewe hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima bali na wajumbe maalumu 538 wanaopatikana jimbo kwa jimbo, na anahitaji 270. Majimbo yamo ndani ya kila chombo.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo gumu. Ibara ya sita inasema Katiba, sheria za taifa zilizotungwa kwa kuifuata, na mikataba ya kimataifa, ndiyo sheria kuu ya nchi, na majaji wa kila jimbo wanafungwa nayo hata kama katiba au sheria ya jimbo lao inasema vingine. Sheria ya jimbo ikigongana na sheria halali ya taifa, ya jimbo inalala. Neno la kushikilia hapo ni "halali": sheria ya taifa iliyotungwa nje ya mamlaka ya Kongresi haimfungi mtu, na mahakama huitupa. Mwaka 1819 Maryland ilijaribu kuitoza kodi benki iliyoundwa na Kongresi. Mahakama ya Juu ikauliza mambo mawili: je, Kongresi ilikuwa na uwezo wa kuunda benki? Ndiyo. Je, jimbo linaweza kuitoza kodi? Hapana, kwa kuwa uwezo wa kutoza kodi unabeba uwezo wa kuua. Mpaka leo kila mgongano wa aina hiyo hupimwa kwa mtindo uleule, kuanzia na uwezo wa Kongresi.

Gavana akigoma inakuwaje? Little Rock, Arkansas, Septemba 1957. Mahakama ilikuwa imeamuru wanafunzi tisa weusi waingie sekondari iliyokuwa ya wazungu tu. Gavana Orval Faubus alipeleka Kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha Arkansas, ambacho kwa kawaida kiko chini ya gavana, na askari wakawazuia watoto wale getini. Mahakama ya serikali kuu ikampiga marufuku, naye akakiondoa kikosi chote, watoto wakabaki mbele ya kundi la watu wenye hasira. Tarehe 24 Septemba Rais Eisenhower alikihamisha kikosi kilekile kutoka mikononi mwa gavana na kukiweka chini yake mwenyewe, akaongeza askari wa divisheni ya 101 ya jeshi la taifa. Kesho yake wanafunzi waliingia darasani wakisindikizwa na jeshi.

Ona alichokuwa nacho Eisenhower: amri ya mahakama, sheria ya Kongresi inayomruhusu kutumia majeshi, na jeshi lenyewe. Na ona alichokosa. Hakuweza kumgusa Faubus. Mwaka uliofuata Faubus akatumia sheria ya jimbo kuzifunga sekondari za Little Rock kwa mwaka mzima wa masomo, hadi mahakama ilipoibatilisha sheria hiyo mwaka 1959. Yeye mwenyewe aliendelea kuchaguliwa na akatoka ofisini Januari 1967, miaka sita baada ya Eisenhower kustaafu.

Upande wa pili, serikali kuu nayo haiwezi kuwageuza watumishi wa jimbo kuwa vibarua wake. Sheria ya bunduki ya 1993 iliwataka wakuu wa polisi wa maeneo wachunguze historia ya kila mnunuzi wa bastola. Wawili kati yao, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, walikataa, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikawaunga mkono kwa kura 5 kwa 4: Kongresi ikitaka kazi ifanyike, iwatume watu wake. Ndiyo sababu bangi iko katika hali ya ajabu. Sheria ya taifa inaikataza, lakini wapiga kura wa Colorado na jimbo la Washington waliiruhusu mwaka 2012 na majimbo mengine yakafuata. Polisi wa jimbo hawalazimiki kumkamata mvutaji kwa kosa la sheria ya taifa. Maofisa wa serikali kuu wanaweza, ila ni wachache kwa nchi kubwa kama ile.

Silaha halisi ya Washington, kwa maoni yangu, ni fedha. Wanasiasa hupenda kunukuu Marekebisho ya Kumi, ila bajeti ndiyo inayowapindisha shingo. Katiba haiipi Kongresi uwezo wa wazi wa kupanga umri wa kunywa pombe, basi mwaka 1984 Kongresi ikatunga sheria kwamba jimbo litakalowauzia pombe walio chini ya miaka 21 litapunguziwa asilimia 5 ya fedha za barabara. South Dakota, iliyokuwa ikiruhusu bia hafifu kwa vijana wa miaka 19, ilikwenda mahakamani na kushindwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata majimbo yote yalikuwa yameshapandisha umri. Mpaka upo, lakini. Mwaka 2012 serikali kuu ilipotishia kuyanyima majimbo fedha zote za matibabu ya maskini endapo yangekataa mpango mpya wa kuipanua huduma hiyo, Mahakama ilisema huko si kushawishi tena, ni kulazimisha.

Kwa hiyo ukiniuliza nani mkubwa, nami nitakuuliza: kwa jambo gani? Kwa vita na sarafu, gavana hana sauti. Kwa mtaala wa shule na adhabu ya mwizi, Rais ni mtazamaji, ila pale haki za raia zinapoguswa. Tangu Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, jimbo haliruhusiwi kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria, na ndiyo yaliyowapeleka wale wanafunzi tisa darasani.

Jambo la mwisho, kwa kuwa najua utaliuliza: kaunti na miji iliyo ndani ya jimbo haina kinga hii. Hiyo imeundwa na jimbo, na jimbo linaweza kuipunguzia madaraka au hata kuivunja, kadiri katiba yake inavyoruhusu. Na jiji la Washington halimo katika jimbo lolote. Katiba imeliweka chini ya Kongresi moja kwa moja, na Kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha pale kinaamriwa na Rais muda wote. Hata hivyo meya wake huchaguliwa na wakazi kutokana na sheria ya 1973, na Rais hana uwezo wa kumfukuza. Anayemnyima usingizi meya huyo ni Kongresi, ambayo inaweza kuzifuta sheria za jiji, kama ilivyofanya mwaka 2023 ilipoizuia sheria mpya ya jinai iliyopitishwa na madiwani wake.