Programu ikifa, nani anazima mota?

SWALI: Habari mkuu. Nina bodi yenye chipu ya STM32MP157, Linux inakaa kwenye zile prosesa mbili za Cortex-A7 na ile ndogo ya Cortex-M4 inaendesha mota ya mkanda wa kubeba chupa. Draiva nimeandika mwenyewe, inatoa /dev/mcu0 (mlango ambao programu inapitia kuifikia M4) na ioctl 14, yani amri maalum za kuipa draiva: kupakia fimwea (programu inayotembea ndani ya M4), kuwasha, kuzima, kuandika memori, kusoma memori, kutuma amri, yani kila kitu. Mwezi uliopita programu yangu ilikufa usiku, M4 ikaendelea kuzungusha mota mpaka mlinzi akachomoa waya ukutani. Wiki iliyofuata programu mbili zikafungua ule mlango kwa pamoja, moja ikapakia fimwea mpya wakati ya zamani bado inatembea, bodi nzima ikaganda. Bosi anasema niachane na draiva nitumie /dev/mem tu, ule mlango wa kugusa memori ya mashine moja kwa moja. Nifanyeje? – Fundi, Arusha

JIBU: Pole sana fundi. Mlinzi wako alifanya kazi ambayo draiva ndo ilitakiwa kuifanya, kwaiyo tuanzie kwenye mota, hizo ioctl zitasubiri kidogo.

Programu ikifa, hata ukiiua kwa kill -9, kerneli (kiini cha Linux) inafunga kila faili iliyokuwa imefungua, na /dev/mcu0 iliyofunguliwa ikiachiwa na mshikaji wake wa mwisho, draiva yako inaitwa kwenye release, kile kipande chake cha kushughulikia kufungwa. Hapo ndo pa kuzimia M4. Angalia release yako ina nini sa hivi, kama inarudisha 0 na kuondoka basi umeshaona mota ilizunguka kwa nini.

Ila usikimbilie kuijaza, maana kazi hii imeshafanywa. Kwenye kerneli kuna mfumo wa kuwasha na kuzima prosesa saidizi unaitwa remoteproc, uliingia mwaka 2012 kutoka kwa watu wa Texas Instruments wenye chipu za OMAP, na STM32 yako ina draiva yake humo humo. Ukiwasha CONFIG_REMOTEPROC_CDEV wakati wa kujenga kerneli unapata /dev/remoteproc0, unaandika neno start, unapiga ioctl moja tu ya RPROC_SET_SHUTDOWN_ON_RELEASE, na toka hapo aliyeshika mlango akifa prosesa inazimwa.

Sasa hapa tulia kidogo, kuzima M4 sio kuzima mota! Pini inayowasha mota ikiwa imeachwa juu (ina umeme) inabaki juu, M4 iwe hai isiwe hai. Draiva ya STM32 imelifikiria hilo, kabla ya kukata inapeleka ujumbe wa kuzima kupitia maiboksi (njia ya kupeana ishara kati ya prosesa), kama umeieleza kwenye device tree, faili inayoieleza kerneli vifaa vya bodi, na inasubiri M4 iitikie kwa milisekunde 500, kwaiyo fimwea yako isikilize huo ujumbe na ishushe pini kabla ya kuitikia. Lakini M4 ikiwa imeshaganda hakuna wa kusikia chochote, na rezista ya kuvuta pini chini haisaidii maana pini bado inasukumwa juu. Weka relei ya nje inayodai mapigo kutoka M4 kila baada ya muda mfupi, mapigo yakikatika inakata umeme wa mota. Na hayo mapigo yatoke kwenye kodi yenyewe ya fimwea, sio kwenye taima ya PWM (saa ya chipu inayotoa mapigo yenyewe), kwa sababu taima inaendelea kupiga hata kodi ikiwa imekufa.

Tuje kwenye ioctl 14. Umechanganya uhai na mazungumzo. Kuwasha, kuzima na kuchagua fimwea ni uhai wa prosesa, hilo ni la msimamizi mmoja. Amri kama "ongeza kasi" ni mazungumzo, hayo yapitie rpmsg, njia ya kerneli ya kutumiana ujumbe na M4, ambayo ni tofauti kabisa, na programu nyingine inaweza kuishika bila kuwa na uwezo wa kuzima kitu. Bafa zake kwa kawaida ni baiti 512, 16 za kichwa, zinabaki 496 za kwako, amri za mota zinatosha na chenji inabaki.

Ule mgongano wa programu mbili remoteproc ingeuzuia mlangoni. Ukiandika start kwenye /sys/class/remoteproc/remoteproc0/state wakati prosesa inatembea fimwea haipakiwi upya (kerneli za zamani zilirudisha kosa, mpya zinaongeza hesabu ya watumiaji tu), na ukijaribu kubadilisha faili ya firmware iliyo hapo hapo kabla hujazima unarudishiwa EBUSY, yani kosa la "kifaa kina kazi". Tena angalia unachoandika kwenye hiyo firmware: ni jina tu, kerneli yenyewe ndo inaenda kuitafuta /lib/firmware, tofauti na ioctl yako inayopokea baiti kutoka kwa yeyote aliyefungua mlango. Prosesa saidizi nyingi zinafika kwenye memori kuu bila kuulizwa na mtu, anayechagua kodi yake ameshika mashine nzima. Hii naisisitiza kuliko zote.

Kama kuna ioctl utakayolazimika kubaki nayo, usiweke pointa (anwani ya memori) wala long kwenye struct inayobeba data yake, tumia __u32 na __u64 ambazo ukubwa wake haubadiliki, na nafasi za akiba zikaguliwe kuwa ni sifuri. Leo uko kwenye biti 32, ukihamia STM32MP25 yenye Cortex-A35 ni biti 64, pointa ya baiti 4 inakuwa 8 na programu za wateja zinavunjika.

Bosi mwambie kwa heshima kwamba /dev/mem haina release. Programu ikifa hakuna anayeambiwa, mnarudi kule kule kwa mlinzi.

SWALI: Kwangu M4 inawashwa na U-Boot (programu inayoiwasha Linux) kabla Linux haijaamka, na haitakiwi kusimama hata sekunde. Remoteproc si itaizima na kuiwasha upya? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, draiva ikikuta prosesa inatembea tayari inaiweka hali ya detached, na ukiandika start hapo inajiunga nayo bila kupakia fimwea upya, hali inasomeka attached. Kujitoa unaandika detach, usikosee ukaandika stop, hiyo inazima kweli.