Kulala porini kwenye bembea: uzito unatoka wapi?

Wengi wanaohama kutoka kwenye hema kwenda kwenye bembea ya kulalia hudhani mzigo utapungua wenyewe. Haupungui. Bembea ya nailoni ya dukani ina kama nusu kilo, na hapo unaishika mkononi unafurahi. Kisha unaongeza mikanda ya kufungia, vyuma, turubai, chandarua na kitu cha kukukinga baridi, na begi linarudi kilo zilezile za hema.

Kabla hujanunua chochote, tafuta mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wanaopimia mabegi ya ndege. Pima kila kitu, andika kwa gramu. Wamarekani wanaopenda mzigo mwepesi wamejiwekea kikomo cha ratili 10, yaani kilo 4.5 hivi, bila chakula, maji wala mafuta ya jiko. Mimi sikihusudu sana kikomo hicho, ila kuandika orodha kunakuumbua haraka.

Mahali pa kwanza pa kupunguza ni kwenye kamba, na sababu yake watu hawaiambiwi. Ukikaza bembea ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, mvuto unakuwa mkubwa ajabu. Kamba zikishuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa, mtu wa kilo 70 anazivuta kila upande kwa kilo 70. Akizikaza hadi nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa takriban kilo 200. Ndiyo maana wanaokaza hulazimika kubeba mikanda minene ya malori na karabina (pete za kufungia) za chuma. Legeza, ulale kimshazari ili mgongo unyooke, na kamba ya Dyneema, uzi wa viwandani mwepesi lakini imara sana, ya milimita 3 itakubeba. Mafundo yake huteleza, kwa hiyo chukua zilizosukwa vitanzi tayari. Kwenye shina la mti bakiza mkanda wa poliesta wenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi. Mkanda mwembamba unakata gome, na wa nailoni unavutika usiku hadi unajikuta karibu na ardhi.

Bembea yenyewe mpe fundi cherehani. Ni kipande cha nailoni cha mita 3.3 kwa 1.5, pindo pande zote, na mfereji wa kupitishia kamba kila ncha. Ukipata kitambaa imara cha gramu 55 kwa mita ya mraba, inatoka chini ya gramu 300. Ijaribu nyumbani, sentimita 40 tu kutoka chini, kwa siku kadhaa.

Sasa baridi, ambako ndiko watu wanakopunguza vibaya. Kwenye bembea upepo unapita chini yako. Mfuko wa kulalia hausaidii upande huo, kwa sababu ukiulalia manyoya yanabanwa, na kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati yake. Kinga lazima ining'inie nje, chini ya bembea: mfarishi. Mimi hupenda kutafuta mfuko wa kulalia wa mitumba, Soko la Memorial pale Moshi kwa mfano, nikaukata uwe wa kutoka mabegani hadi magotini. Mwambie fundi apige kwanza mishono miwili sambamba, ndipo akate katikati yake, la sivyo duka zima litajaa manyoya. Miguu inatoshwa na begi tupu lililowekwa chini yake. Lushoto mwezi Julai, huu ndio mzigo ambao sitaki mtu aniambie niuache.

Turubai la mita 3 kwa 3 la nailoni iliyopakwa silikoni lina kama nusu kilo. Litandaze kona kwa kona, maana mshazari wake unapita mita 4 na unafunika ncha zote mbili. Mmarekani Emma Gatewood alitembea njia yote ya Appalachian, ile ndefu ya milimani huko Marekani, mwaka 1955, akiwa na miaka 67, akijikinga mvua kwa pazia la bafuni. Chandarua usikiache.

Chakula na maji hutegemea njia. Kutoka Lushoto kwenda Mtae, kwenye milima ya Usambara, unapita vijijini, chai na chapati zipo, kwa hiyo jiko, sufuria na mafuta vibaki nyumbani. Maji nayo: lita moja ni kilo moja, na Usambara vijito havikosekani. Beba lita moja na vidonge vya kutibu maji. Ukanda mkavu wa chini kuelekea Mkomazi hesabu hiyo haifai kabisa, huko beba maji ya kutosha hata kama mabega yatalalamika. Ukitaka kulala ndani ya hifadhi ya Magamba, pata kibali kwanza.

Begi libadilishe mwisho. Vifungashe vitu vyote kwenye kiroba, nenda navyo dukani, ujaribu kama vinaingia kwenye la lita 40.