Sekstanti ukiwa Dodoma: upeo wako ni sinia la oili chafu

Mkuu, umeuliza utafanyaje mazoezi ya sekstanti, kifaa cha mabaharia cha kupima pembe ya jua au nyota juu ya upeo ili kujua walipo, wakati uko likizo Dodoma, na hakuna upeo wa bahari wa kushushia jua. Mimi ni ofisa wa sitaha, na kwetu ni hukohuko Dodoma. Kazi hii nimeifanya uani kwetu likizo baada ya likizo. Naamini kabisa kwamba uani unafundisha kuliko baharini, kwa sababu nyumbani unajua ulipo, na kila kosa linajionyesha.

Tafuta sinia pana, mimina oili chafu ya gari, kina cha nusu sentimita kinatosha; taswira ya jua ndani ya oili ndiyo utakayotumia badala ya upeo. Maji nayo yanafaa, ila upepo kidogo tu yanatetemeka. Oili ni nyeusi na nzito, inatulia. Aliyekushauri ulaze kioo na kukisawazisha kwa pimamaji simuungi mkono: kioo kikiinama kidogo tu, kosa linaingia moja kwa moja kwenye kipimo, wakati oili hujisawazisha yenyewe. Zebaki ilitumika zamani, lakini ni sumu, usiilete nyumbani. Kaa chini ukielekea jua, sinia mbele yako, na uweke vioo vyeusi pande zote mbili za sekstanti kabla hujachungulia. Jua la kwenye oili nalo linaunguza jicho.

Sasa shusha jua la juu mpaka lilalie lile la kwenye oili, duara juu ya duara. Pembe utakayosoma ni mara mbili ya kimo cha jua, yaani pembe yake juu ya upeo. Ondoa kwanza hitilafu ya kifaa (kile ambacho sekstanti inasoma hata pembe ikiwa sifuri), ndipo ugawe kwa mbili. Ukipindua mpangilio huo umeshaharibu. Kwa kuwa maduara yamelaliana, husahihishi nusu kipenyo cha jua kama baharini, ambako unagusisha ukingo wake kwenye upeo. Kinachobaki hasa ni kupinda kwa mwanga hewani, ambako jua likiwa nyuzi 45 ni kama dakika moja ya pembe, yaani maili moja ya baharini.

Kuna jambo la kuangalia hasa huku kwetu. Sekstanti nyingi zinaishia nyuzi 120 au zaidi kidogo, na wewe unapima pembe mara mbili. Dodoma, hata Juni 21 jua la adhuhuri linapokuwa chini kuliko siku zote za mwaka, bado liko nyuzi 60 na ushee. Kwa hiyo adhuhuri isahau. Piga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au saa tisa hadi kumi na moja jioni.

Jua la kwetu hupanda karibu wima, na sinia linaongeza mwendo huo maradufu. Majua mawili uliyoyalaza pamoja, baada ya dakika moja na kidogo yameshaachana duara zima. Usiyafukuze. Asubuhi zungusha gurudumu la sekstanti la kubadili pembe mbele kidogo, tulia, yaache yakutane yenyewe, kisha sema "Sasa!" Binti yangu wa darasa la sita ndiye anayenishikia saa: anaandika sekunde kwanza, halafu dakika, halafu saa. Saa ikikosea sekunde nne, umepotea maili moja, kwa hiyo simu iwe imepata saa ya mtandao. Na kumbuka saa tatu asubuhi yetu ni 06:00 ya Greenwich.

Ukishapata kimo, chukua latitudo na longitudo ya uani kwako kwenye ramani ya simu, tafuta jua kwenye almanaka ya bahari (kitabu kinachoonyesha jua na nyota zilipo kila saa), kokotoa kimo kilichopaswa kuwa, linganisha. Tofauti kwa dakika za pembe ndiyo maili ulizopotea.

Likizo yangu ya kwanza nilipotea maili sita kila siku, wiki nzima. Nililaumu saa, nikalaumu kifaa. Kilichonifumbua macho ni kupiga asubuhi na jioni siku hiyohiyo: asubuhi mstari wa mahali nilipo, ule unaotoka kwenye hesabu, ulinitupa magharibi, jioni ukanitupa mashariki. Saa ikikosea hukutupa upande uleule nyakati zote mbili. Basi kosa lilikuwa kwenye kimo. Nikapitia daftari mstari kwa mstari, nikakuta nimekuwa nikiondoa dakika sita za kushuka kwa upeo (sahihisho la anayetazama upeo wa bahari akiwa juu), mazoea ya daraja la meli lenye urefu wa mita 12 juu ya maji. Kwenye sinia upeo haushuki! Sahihisho hilo halipo kabisa. Nililifuta, na jioni ile nikawa ndani ya maili moja.

Jua la asubuhi na jioni litakupa longitudo nzuri, latitudo kidogo sana. Kwa latitudo subiri katikati ya Februari, saa tatu na ushee usiku, nyota ya Suheli (Canopus) ikiwa juu kabisa kusini, kama nyuzi 43 na nusu. Ni nyota ya pili kwa kung'aa usiku, na kwenye oili nyeusi inaonekana, ila zima taa zote za uani na uyape macho dakika ishirini yazoee giza.

Ukipiga mara ya kwanza, weka hapa muda, pembe na hitilafu ya kifaa chako, tupige hesabu pamoja.