Jibu: Baridi na dishi kwenye nyumba ya zamani, York

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: umepanga Bishophill, ndani ya ukuta wa kale wa mji wa York, Uingereza, baridi inapenya madirishani, na mwenye nyumba hataki ubadilishe madirisha wala ufunge dishi.

Kwanza tafuta anwani yako kwenye orodha ya majengo yanayolindwa ya Historic England, shirika la kutunza majengo ya kale ya England, ni bure. Nyumba ikiwemo, hata kama ni ya Daraja la II, yaani daraja la chini kabisa la ulinzi, kubadilisha madirisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Hapo mwenye nyumba hana roho mbaya, anajilinda.

Mimi nilipanga nyumba ya namna hiyo mtaa wa jirani. Kilichonisaidia ni mapazia mazito, mkanda wa sponji kwenye nyufa za fremu, na kioo cha plastiki kinachobandikwa kwa ndani na kubanduka bila kuacha alama. Lakini usizibe kila tundu! Nilifanya hivyo majira yangu ya kwanza ya baridi, kuvu ikapanda ukutani nyuma ya kabati, na mtoto akaanza kukohoa. Fungua dirisha kidogo ukipika au ukianika nguo ndani.

Dishi achana nalo, idhaa zetu utazipata kwa intaneti.

Gari usinunue kabla hujaiuliza halmashauri kuhusu kibali cha maegesho ya wakazi. Na kama uko chini kule Skeldergate, karibu na mto Ouse, angalia hatari ya mafuriko kwa posikodi yako kwenye tovuti ya serikali. Desemba 2015 maji yaliingia nyumba nyingi York.