Hodi Redioni: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kipindi cha Vichekesho cha Sikukuu

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja: kipindi cha redio cha msimu wa sikukuu ambacho mwenyeji wake hutembelewa na wageni wenye vituko, wasioalikwa na wasiojua wakati wa kuondoka. Ni aina ya uigizaji ninayoipenda kuliko nyingine zote za redio, na kwa hiyo nimejibu baadhi ya barua kwa urefu kuliko kawaida.

Swali: Ndugu mjibu maswali, sisi ni kikundi cha waigizaji wanane tuliopewa nusu saa redioni usiku wa sikukuu. Tumeandika mchezo ambamo wageni tisa wa ajabu wanaingia nyumbani kwa mwenyeji mmoja baada ya mwingine. Kila mgeni tukimsoma peke yake anachekesha sana, lakini tulipousoma mchezo mzima mbele ya marafiki, walicheka kwa wageni wawili wa kwanza, wakatabasamu kwa wa tatu, na kuanzia hapo wakanyamaza kabisa. Tumekosea wapi?

Jibu: Nimeusoma muhtasari wenu mara mbili, na naamini kosa haliko kwa wageni bali kwa mwenyeji. Katika mchezo wenu mwenyeji hana kazi yoyote isipokuwa kufungua mlango, kushangaa na kuaga. Mtu asiye na shughuli hawezi kukatizwa, na mgeni asiyemkatiza mtu hana tofauti na msemaji aliyepanda jukwaani, akasimulia kichekesho chake na kushuka. Marafiki zenu walisikia vichekesho tisa vilivyopangwa foleni, na hapakuwa na jambo lolote ambalo wangeweza kulihofia kwamba litaharibika.

Mpeni mwenyeji kazi moja ndogo inayoelezeka kwa sentensi moja na yenye saa ya mwisho. Tuseme anataka kuifunga zawadi ya mkewe kwa karatasi ya maua kabla mkewe hajarudi, na mkewe yuko njiani. Tangu hapo kila anayebisha hodi, hata awe mpole namna gani, anakuwa tishio. Jirani anakuja kurudisha mwavuli ambao hakuwahi kuuazima, naye anaona aibu kuurudisha ukiwa wazi, kwa hiyo anaomba karatasi. Mwalimu mstaafu aliyezoea kusahihisha kadi za salamu za watu anaiona kadi ya zawadi na hawezi kuondoka kabla hajaiandika upya. Mtu anayejizoeza hotuba ya kupokea tuzo ambayo hajapewa anahitaji kitu cha kushika mkononi badala ya tuzo, na kilichopo mezani ni ile zawadi tu. Hawa ni wageni wenu wenyewe, kama mlivyowaandika; nilichoongeza ni kuwafanya wote waiguse zawadi ileile, na kwa namna hiyo kila mmoja anakuta hali mbaya kuliko aliyoikuta aliyemtangulia.

Wakongwe wa fani hii walijenga hivyo. Kipindi cha Fibber McGee and Molly, kilichoanza mwaka 1935 katika shirika la NBC huko Marekani na kuigizwa na Jim na Marian Jordan, ambao walikuwa mke na mume hata nje ya studio, kilitegemea kwa kiasi kikubwa mlango wa nyumba moja, namba 79 katika mtaa wa kubuni wa Wistful Vista. Mara nyingi Fibber alikuwa na mpango fulani kichwani, usio na busara sana, nao jirani, meya, daktari na mzee mmoja ambaye kila hadithi alidai kuisikia tofauti walipita hapo na kuusogeza mpango huo karibu zaidi na maangamizi. Mpango ulikuwa mwepesi mno, lakini ukiuondoa wageni wote wanabaki wakielea.

Jack Benny, aliyeanza kipindi chake cha redio mwaka 1932, aliugeuza mtindo huu katika vipindi vyake vya ununuzi wa Krismasi: yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa msumbufu. Alinunua zawadi ndogo isiyo na thamani kubwa, akaondoka, kisha akarudi kuibadilisha, akarudi tena na tena, hadi muuzaji wa dukani, aliyeigizwa na Mel Blanc, akapandwa na wazimu. Ni mtu mmoja na jambo moja dogo, na kicheko kinazidi kila anaporejea, kwa sababu msikilizaji anaanza kucheka hata kabla Benny hajafungua kinywa.

Kwa hiyo wapunguzeni wageni. Ukitoa ufunguzi, muziki na kufunga, nusu saa yenu itabaki kama dakika 24, na wageni tisa watapata chini ya dakika tatu kila mmoja, muda ambao hautoshi kumzoea mtu. Wabaki watano, na mmoja wao arudi mara mbili. Ningemchagua yule wa mwavuli.

Swali: Msikilizaji haoni mlango, wala mavazi, wala sura. Atajuaje nani ameingia, hasa pale watu watatu wanapozungumza kwa pamoja chumbani?

Jibu: Lugha yetu imewapa zawadi ambayo waandishi wa lugha nyingine wangeitamani, nayo ni neno hodi. Kabla mgeni hajaonekana tayari amesikika, na namna anavyolitamka inaweza kumtambulisha kuliko maelezo marefu. Mmoja hubisha kwa unyonge kana kwamba anaomba radhi, mwingine anasema hodi akiwa tayari ameketi, na wa tatu anajibu "karibu" yeye mwenyewe. Mpeni kila mgeni hodi yake na msiibadilishe.

Sauti ya kitu nayo husaidia. Katika It's That Man Again, kipindi cha BBC kilichoongozwa na Tommy Handley kuanzia mwaka 1939 hadi kifo chake Januari 1949, mlango ulikuwa kama mhusika kamili, na mfanyakazi wa usafi aliyeitwa Bi. Mopp alitanguliwa na kishindo cha ndoo yake. Msikilizaji aliposikia ndoo hakuhitaji kuambiwa jina. Jirani yenu anaweza kutambulishwa na mwavuli unaofunguka wenyewe kila mara kwa wakati usiofaa, mradi mlio huo urekodiwe vizuri na usifanane na mlio mwingine wowote katika mchezo.

Kuhusu watu watatu kuzungumza pamoja, chagueni sauti zinazotofautiana kwa kina, kasi na pumzi, na msitegemee maneno peke yake. Mwigizaji mmoja anaweza kubeba wageni kadhaa, kama Bill Thompson alivyofanya kwa miaka mingi pale Wistful Vista, ila wageni anaowaigiza wasikutane chumbani. Na mwenyeji amtaje mgeni kwa jina katika sentensi mbili za kwanza, kisha asilirudie ovyo, kwa maana hakuna mtu anayemwita jirani yake kwa jina kila anapomeza mate.

Msisahau kimya. Mzaha unaokumbukwa sana wa Benny, uliorushwa tarehe 28 Machi 1948, ulikuwa wa jambazi aliyemtaka achague kati ya fedha zake na uhai wake. Benny, mhusika aliyejulikana kwa ubahili, hakujibu neno, na watazamaji waliokuwa studioni wakaangua kicheko ndani ya kimya hicho. Kimya kama hicho kinafaa pale tu msikilizaji anapokuwa tayari anajua kinachopita kichwani mwa mhusika, kwa hiyo kiwekeni katika nusu ya pili ya mchezo.

Swali: Je, vibwagizo havichoshi? Mwenzetu mmoja anataka kila mgeni awe na msemo wake wa kurudia.

Jibu: Vikiwa vya kila mgeni, vitachosha. Mwangalieni Kanali Chinstrap wa kipindi hicho cha Handley, ambaye kila sentensi aliyoambiwa, iwe ya hali ya hewa au ya barua, aliisikia kama amealikwa kunywa kinywaji, akakubali kwa maneno yaleyale. Maneno yake hayakubadilika, lakini sentensi iliyoyazaa ilibadilika daima, na raha ya msikilizaji ilikuwa kujaribu kubashiri ni neno gani safari hii litamtega. Tena alikuwa na miaka ya kuzoeleka, ilhali nyinyi mna usiku mmoja. Chagueni mgeni mmoja wa kuwa na kibwagizo, akitamke mara tatu, na mara ya tatu kitamkwe na mtu mwingine, ikiwezekana mwenyeji mwenyewe aliyekwisha kuambukizwa.

Swali: Katika rasimu yetu mgeni mmoja ni mwenye kigugumizi na mwingine anazungumza kwa lafudhi ya watu wa kabila fulani. Baadhi yetu wanaona hapo ndipo penye kicheko kikubwa, wengine hatuna raha. Unashauri nini?

Jibu: Ninaungana na wasio na raha, na ninawaomba mshikilie msimamo wenu. Kituko cha kweli kinatokana na namna mtu anavyofikiri na kitu anachokitaka kwa nguvu isiyolingana na thamani yake. Kigugumizi si kituko, na lafudhi si kituko. Vipindi vya zamani ninavyovisifu hapa viliteleza mahali hapa, na sehemu hizo ndizo zinazosikika vibaya zaidi leo. Mwaka 1944 nyumba ya Wistful Vista iliongezewa mfanyakazi wa ndani aitwaye Beulah, mwanamke mweusi, ambaye aliigizwa na mwanamume mzungu, Marlin Hurt; watazamaji wa studioni walicheka kwa mshangao alipogeuka kwenye maikrofoni na sauti ile ikatoka katika mwili ule. Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini kililipwa na watu ambao hawakuwa na nafasi ya kujibu.

Kuna pia sababu ya kiufundi. Kigugumizi hakiwezi kukua: dakika ya tano kiko palepale kilipokuwa dakika ya kwanza. Lakini mtu anayeamini kwamba atapewa tuzo kabla ya saa sita usiku anaweza kupanda hatua kwa hatua hadi amshukuru mlinzi, mlango na meza.

Swali: Turekodi au turushe moja kwa moja?

Jibu: Kama kituo kitawaruhusu kuwa na watu hata ishirini studioni, rekodini mbele yao jioni moja kabla, mchezo mzima bila kusimama. Waigizaji wanahitaji kusikia kicheko ili wajue wapi pa kungoja, na mkirekodi mnabaki na nafasi ya kusahihisha mlio uliokwama. Pasipokuwa na watu, msibandike vicheko vya bandia.

Swali: Mwisho wetu ni fujo kubwa: wageni wote wanarudi kwa pamoja na meza inaanguka. Lakini ni usiku wa sikukuu, na bibi yangu, aliyeusikia mchezo, alisema "mmetuacha njiani". Tufanye nini?

Jibu: Bibi yako ana sikio zuri. Fujo ni kilele, na kilele kinahitaji kituo baada yake. Kabati maarufu la Fibber lilipofunguliwa, vitu viliporomoka kwa kishindo cha sekunde nyingi, na mwishowe, baada ya vyote kutulia, ikasikika kengele ndogo peke yake. Kengele ile ilimrudisha msikilizaji chumbani. Na katika vipindi vyao vya Krismasi, mtoto wa jirani aitwaye Teeny, ambaye Marian Jordan alimwigiza kwa sauti nyingine, alisikika pamoja na waimbaji wa The King's Men wakiimba shairi la kale la mkesha wa Krismasi, na hapo vichekesho viliwekwa kando bila kuombewa radhi.

Acheni meza ianguke. Kisha wageni waondoke mmoja mmoja, kila mmoja kwa kwaheri inayolingana na hodi yake, hadi abaki yule wa mwavuli, ambaye sasa tunatambua kwamba tangu mwanzo alikuwa akitafuta sababu ya kutokuwa peke yake usiku huu. Mwenyeji asimhutubie. Amwombe tu ashike ncha ya karatasi wakati yeye anafunga utepe. Tusikie karatasi ikikunjwa, taratibu, na ufunguo wa mke ukizunguka mlangoni, halafu muziki.