Gemu inakrash kila saa? Angalia kwanza inakufaje

Aisee kuna kitu kinaniuma sana kwenye haya mambo ya gemu. Kijana PC yake inakrash, cha kwanza anafuta gemu anashusha upya, bando la GB kibao linaondoka, jioni anacheza nusu saa inajifunga tena. Au anaibeba kwa fundi mjini anapigiwa Windows upya, analipa, anarudi nayo nyumbani Sakina, huku Arusha, tatizo liko palepale. Nimeshahangaika na PC za ndugu na majirani za kutosha, na naomba unisikilize hapa: kabla hujagusa chochote angalia inakufaje.

Maana zinakufa tofauti. Kuna ile gemu inajifunga unarudishwa deskitopu na Windows inaendelea kama kawaida, hiyo mara nyingi ni faili za gemu zimeharibika, draiva ya grafiksi (programu inayoiendesha kadi ya picha), au RAM, ile kumbukumbu ya muda ya PC, imejaa. Skrini ya bluu, anza kushuku draiva au RAM mbovu. Halafu kuna ile PC nzima inazima ghafla, giza, hamna ujumbe wowote, hapo achana kabisa na gemu, kaangalie joto na umeme. Kama hukuwa makini, andika Reliability kwenye menyu ya Start, fungua ile historia, siku iliyokrash ina X nyekundu, ukiibonyeza inakutajia programu iliyoanguka.

Joto ndo nakutana nalo sana. PC nyingi tunazonunua huku ni used za maofisini kutoka nje, zimeshapiga kazi miaka, halafu zinakuja kukaa sakafuni kwenye nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi. Watu wa Arusha wananiambia huku kuna baridi bwana haiwezi kuwa joto, lakini baridi ya Julai inabaki chumbani, prosesa haiipati kama hewa haipiti (Moshi ndo usiseme, Januari kule ni moto). Chomoa waya ukutani, fungua ubavu, toa feni ya prosesa uangalie chini yake kwenye yale mabati membamba, utakuta vumbi limejishona kama blanketi na feni inapuliza juu yake tu. Tumia brashi ya rangi mpya, kavu, na blowa, na wakati wa kupuliza zuia feni kwa kidole isizunguke. Ukishang'oa lile bati lenyewe juu ya prosesa futa paste ya zamani (ule uji unaopitisha joto kati yao) kwa spiriti uweke mpya, kidogo tu, kiasi cha punje ya choroko. Halafu weka HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto la mashine, cheza gemu huku yenyewe inarekodi. Prosesa nyingi za Intel zinajipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo ukiona inagonga 95 huko umeshamkamata mchawi.

Upande wa umeme, hizi mashine ndogo za ofisi pawa saplai zake (kile kisanduku kinachoigawia PC umeme) nyingine ni wati 240 tu. Kadi ya grafiksi kama GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada inakula kama wati 75, hiyo inaweza kwenda, ila usichomeke dude kubwa kwa adapta za kuungaunga.

Faili za gemu ni rahisi. Kama ni Steam, bonyeza gemu kitufe cha kulia, Properties, Installed Files, halafu ihakiki, inashusha zile zilizoharibika tu, bando linapona. Ya kukopi kwa flashi ya mshikaji huwezi kuihakiki hivyo, na mara nyingi antivirus imeshakula faili zake, kwa hiyo jaribu gemu nyingine kwanza kabla hujailaumu mashine.

Ikibaki RAM, toa stiki zote bakiza moja, cheza, badilisha. Ukishaijua mbovu irudishe dukani na mashine yenyewe, uwaonyeshe inavyokrash palepale mezani, maana ukienda na stiki mkononi watakwambia ni nzima.