Nyumba ya Waswahili, Lamu: Maswali Yenu na Majibu

Kiingilio ni pesa ngapi, na mlangoni wanapokea noti? (Wasomaji wengi)

Swali hili la makumbusho yetu ya nyumba ya karne ya 18 halikauki, na jibu ni lile lile. Malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Raia, mkaazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa nje kila mmoja ana bei yake, kwa hiyo beba kitambulisho. Bei itazame kwenye ukurasa wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kupanda boti. Usitegemee aliyokwambia jirani aliyekwenda mwaka juzi. Na simu iwe na chaji.

Tutashuka gatini saa tatu asubuhi, ndege yetu ya Manda ni saa nane mchana. Tuanze makumbusho ya ufukweni, Ngome au Nyumba ya Waswahili? (Familia, Voi)

Nyumba kwanza, kabla jua halijapanda na makundi hayajajaa. Ufukweni mtaziona siwa, yaani baragumu kubwa za sherehe, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba. Ngome ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821, na ilikuwa jela hadi 1984. Zote mbili zafaa hata kwa mwendo wa haraka. Nyumba haifai hivyo.

Ingieni kama alivyoingia mgeni wa karne ya 18. Simameni kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na baraza zake: mgeni asiye wa karibu aliishia hapo. Kisha tekani, yaani njia ya kuingilia, iliyopinda makusudi ili apitaye njiani asione ndani. Halafu kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu), na mwisho ndani kwenyewe, penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukuta mzima. Angalieni miguu yenu: kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoingia kwenye sitara ya wenye nyumba. Anayekimbilia zidaka apige picha na kutoka ameona mapambo, nyumba hajaiona.

Saa sita na nusu muwe mmerudi gatini. Boti ya kuvuka hadi kisiwa cha Manda, uliko uwanja wa ndege, haichukui muda, lakini kuipata na kupakia mizigo kunachukua.

Mbona vyumba ni virefu na vyembamba hivyo? (Mwanafunzi, Mpeketoni)

Boriti. Dari limebebwa na miti ya mikoko, na boriti moja haivuki zaidi ya mita 3 hivi ikabeba uzito wa mawe na chokaa ya juu yake. Urefu wa chumba waweza kuuongeza upendavyo, upana hauongezeki.

Nataka kuleta wanafunzi 40 kwa pamoja. Inawezekana? (Mwalimu, Mokowe)

Mwalimu, usiwaingize pamoja. Wagawe kumi kumi; kundi moja ndani, wengine Ngomeni na mwalimu mwenzako. Mikoba ibaki nje, maana mkoba wa mgongoni ndio unaokwangua kuta mtoto akigeuka. Zidaka zimeundwa kwa vipande vyembamba vya chokaa: si mahali pa kuwekea chupa ya maji wala pa kushikia mtu akiinama kufunga kiatu. Ukingo ukimeguka, fundi wa kuurudisha ni wa kutafutwa. Watu wazima ndio wabaya zaidi kwa hili, na nawaona wakiegemea hapo huku wakisoma kibao cha kuwakataza.

Nina nyumba ya mawe Mkomani, plasta inabambuka. Fundi asema tupige saruji iwe imara. Nimsikilize? (Mwenye nyumba)

Usimsikilize, ndugu yangu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi. Chokaa hupitisha unyevu huo ukatoka nje. Saruji huufungia, maji hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache saruji huanguka kwa mabamba makubwa pamoja na uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza kimya kimya, na hapo ndipo dari hushuka.

Bambua plasta mbovu yote, acha ukuta ukauke. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Rowesha ukuta, piga tabaka jembamba la sentimita 1, lisubiri lishike ndipo upige jingine. Likinge na jua na upepo, ulinyunyizie maji kwa siku kadhaa; chokaa ikikauka upesi hupasuka. Na kabla ya yote pitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho, kwani Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, na kila ukuta wa saruji unaupunguza urithi huo.

Twaweza kupiga picha za harusi humo? (Bibi harusi mtarajiwa)

Omba ruhusa ofisini mapema, kwa maandishi. Kiti cha enzi, kile cha heshima kilichomo ndani, hakikaliwi, hata na biharusi.

Posta ya Wajerumani yafaa kupitiwa? (Msomaji, Malindi)

Ndiyo, dakika 20 zatosha. Ilifunguliwa 1888 kwa ajili ya Witu, usultani wa bara jirani uliokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mwaka 1890 Wajerumani walikubaliana na Waingereza kuwaachia Witu, na 1891 posta ikafungwa.